Mwenye Pingamizi Aje Ofisini

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua ya kwanza imeshuka leo katikati ya matangazo, ikalipiga bati la kanisa kana kwamba ina ugomvi na katibu. Maskini alipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nikasikia "wazee wawili wapya," nikasikia "mliowapendekeza wenyewe," halafu sikusikia kitu. Aliyenipa habari ni mama wa kwaya, aligeuka kutoka benchi la mbele yangu, meno yote nje.

"Mzee Mkate! Umo!"

Nimo. Mimi na Fundi Bomba. Majina yetu yatasomwa Jumapili tatu mfululizo, na kila mara katibu atamalizia kwa maneno yaleyale: mwenye pingamizi aje ofisini kwa mchungaji. Baada ya hapo tutahojiwa sisi na wake zetu, tutafundishwa, kisha tarehe 24 Novemba tutawekewa mikono mbele ya usharika wote.

Marehemu baba alikuwa mzee wa kanisa hapahapa mpaka siku anazikwa. Nimeitamani kazi hii tangu nianze kuota ndevu. Nilidhani mama atalia kwa furaha. Alichofanya ni kukumbatia mkoba wake na kusema miguu inamuuma, twende nyumbani.

Mke wangu, ambaye bado ananiita kwa jina la watoto wetu ingawa wako shule ya bweni, alinipa mkono. "Hongera, Baba Mapacha. Na Jumatano zangu?"

Nikamwambia Jumatano zipo palepale. Ndiyo siku ninayofunga bekari mapema nikakae na mama, tangu miguu yake ianze kugoma, ili mke wangu abaki shuleni asahihishe madaftari kwa utulivu, asiyabebe mpaka nyumbani.

"Sawa," akasema.

Jumatatu, 7 Oktoba

Gunia moja la unga limelowa. Kwa unyevu huu donge haliumuki wala halikatai, linakutazama tu.

Jumatano, 9 Oktoba

Mchungaji alinipitia bekari akaniomba tuongozane hospitali, kuna mzee amevunjika nyonga. Ningekataaje? Tukakaa naye, tukaomba, mgonjwa akanishika mkono asitake kuuachia. Njiani mchungaji akasema, "Wewe una kipaji cha kukaa na mgonjwa. Si kila mtu anacho." Nilitembea kama nimevaa viatu vipya.

Nyumbani nilimkuta mke wangu keshafika. Madaftari yametapakaa juu ya meza ya kulia, mama hajapewa dawa ya mchana, dirisha lake limebaki wazi na mvua imelowesha godoro. Nikaeleza nilikokuwa.

"Sawa," akasema, huku analigeuza godoro.

Ni bahati kuwa na mke mwelewa.

Jumapili, 13 Oktoba

Majina yamesomwa mara ya pili. Mvua leo imekuwa na adabu, katibu amesikika mpaka barabarani. Aliposema "mwenye pingamizi aje ofisini," watu walicheka chinichini, kama tunavyocheka kila mwaka, maana hakuna anayekumbuka mtu kwenda. Fundi Bomba alivaa suti mpya inayombana kwapani. Kila akisimama kuimba nilikuwa naiombea ile suti.

Jumatano, 16 Oktoba

Choo cha kanisa kimefurika, kamati ya ujenzi ikaitwa kwa dharura. Nikampigia mke wangu simu. Akasema sawa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mchungaji na katibu wamekuja kutuhoji. Nilikuwa nimeoka mkate wa maziwa, nikaufunika kwa kitambaa cheupe. Wameniuliza kuhusu imani yangu, kuhusu pombe, kuhusu amani na majirani. Nilijibu vizuri, nadhani.

Kisha mchungaji akamgeukia mke wangu. "Na wewe, mwalimu? Kazi hii itamchukua mumeo jioni nyingi. Unaridhia?"

Akanitazama. Nikamtazama na mimi, kwa kumtia moyo.

"Naridhia," akasema.

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. "Na mimi hamniulizi?"

Katibu akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Mama yetu, wewe ulishatutolea mume, sasa unatutolea mwana. Tukuulize nini tena?"

"Basi nipunguzieni sukari kwenye chai," mama akasema. Tukacheka wote. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Jumapili, 20 Oktoba

Mara ya tatu na ya mwisho. Mama wa kwaya ananiita "Mzee" bila kuongeza "Mkate." Nimeagiza shati jeupe.

Jumanne, 22 Oktoba

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Mchungaji alikuja bekari asubuhi, saa ya wateja. Akasubiri foleni iishe. Nilijua kuna jambo, kwa sababu mchungaji wetu hana kawaida ya kusoma bei za mikate ukutani. Tulipobaki wawili akashusha sauti.

"Kuna mtu ameleta pingamizi."

"Juu ya Fundi Bomba?" nikauliza, na nikakunja uso wa huruma kabisa, Mungu anisamehe.

"Juu yako."

Nikamuuliza ni nani. Akasema hawezi kumtaja mpaka baraza la wazee likae, ndivyo utaratibu ulivyo. Nikamuuliza nimeshtakiwa kwa kosa gani. Akasema hata hilo litasikika mbele ya baraza, nikiwepo, ili nijibu.

"Sasa nikae na donge hili kifuani mpaka lini?"

"Jumapili ya tarehe tatu. Vuta subira, ndugu yangu."

Vuta subira! Yeye analala usingizi, mimi nazunguka sokoni nikijiuliza kila anayenisalimia kama ndiye. Nimejichunguza kuanzia utosini mpaka kwenye kucha. Sijapunja mtu mkate. Sijagombana na jirani tangu lile jambo la jogoo wake, na jogoo mwenyewe alishaliwa. Mwanamke? Nani ana nguvu ya mwanamke wa pembeni, mtu anayeamka kukanda unga kabla ya ndege?

Nimemwambia mke wangu. Aliacha kusahihisha, kalamu nyekundu ikabaki hewani.

"Nani huyo?"

"Ningejua ningekuwa nakaa hapa?"

Mama alikuwa anasikiliza kutoka chumbani kwake. Akaomba maji. Nikampelekea, nikamweleza na yeye, nikamwambia kuna mtu ana roho ya korosho kanisani. Akanywa maji yote taratibu mpaka mwisho, akanirudishia glasi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Ni Fundi Bomba. Lazima ni yeye. Nikiondoka mimi, yeye anabaki peke yake anang'aa. Na ile suti.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimejidhalilisha.

Nilimfuata Fundi Bomba kazini. Bomba kubwa limepasuka nyuma ya zahanati, nikamkuta ndani ya shimo, tope mpaka kiunoni, anapapasa maji kutafuta penye ufa. Mvua inanyesha. Nikasimama ukingoni na mwavuli wangu, nikamwambia kama ana neno na mimi aseme usoni kama mwanaume, asizunguke kwa mchungaji.

Akajifuta tope kwenye jicho. "Neno gani?"

"Pingamizi."

"Pingamizi gani? Mzee Mkate, mimi ndiye niliyekupendekeza." Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo spana hapo."

Nikampa spana. Akaendelea kukaza kitu kule chini ya maji bila kunitazama. Baadaye akasema, "Niliona vile ulivyomwombea mke wangu alipokuwa mgonjwa. Nikasema huyu anafaa kuliko mimi. Sasa sogea, unamwaga udongo."

Nimesogea. Nimerudi kwa njia ya nyuma.

Jumapili, 27 Oktoba

Ibada nzima sikusikia hata neno moja la mahubiri. Nilikuwa nasoma visogo. Mama wa kwaya hakunigeukia leo. Mzee wa sadaka alipitisha chombo haraka mbele yangu. Katibu alinisalimia kwa mikono miwili, na mtu akikusalimia kwa mikono miwili anakuficha kitu. Yule mshona viatu wa benchi la nyuma, je? Nilimkataza kuweka bango lake kwenye ukuta wangu. Usharika huu nimekulia ndani yake, leo nimeuona umejaa watu nisiowajua.

Jumatatu, 28 Oktoba

Trei mbili zimeungua. Nilikuwa nimesimama mbele ya tanuri nikigombana kichwani na mshona viatu.

Jumatano, 30 Oktoba

Nilikwenda kwa mchungaji kumbana aniambie. Hakuniambia. Nimerudi jioni, mke wangu yuko jikoni anapika kwa mkono mmoja, mwingine una daftari la mwanafunzi. Nikaanza kumweleza kuhusu mshona viatu.

"Kwani ukikosa utakufa?" akaniuliza.

"Hujui maana ya kazi hii kwangu."

"Najua. Unaniambia kila siku."

Nikamwambia yeye hana habari na uchungu wa kusemwa nyuma ya mgongo. Akasema sawa, akageuza ukurasa. Leo ile sawa yake haikunipendeza.

Jumapili, 3 Novemba

Naandika pole pole nisikosee.

Baraza lilikaa baada ya ibada, kwenye chumba cha nyuma. Mke wangu hakualikwa. Alisema atarudi nyumbani kuandaa mitihani, na mama ataletwa baadaye na gari la katibu, kwa kuwa mvua ni nyingi na mama hawezi kukimbizana nayo. Sikulitilia maanani.

Nilikaa nje ya mlango kama mwanafunzi mchelewaji. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu yote. Nilishapanga hata mahali nitakapotulia kidogo kabla ya kusema, "Nimekusamehe." Katibu akafungua mlango akaniita. Wazee walikuwa wamekaa kwa duara, na katikati ya duara, kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani na fimbo katikati ya magoti, amekaa mama yangu.

Nikadhani wamemleta anitetee.

"Huyu ndiye mwenye pingamizi," mchungaji akasema.

Kuna mtu alikohoa. Nikamwambia mama, "Umechoka, twende nyumbani."

"Sijachoka. Kaa chini."

Nikakaa.

Mchungaji akamwomba arudie alichomwambia kwa simu. Kwa simu! Ile simu ndogo niliyomnunulia ili aniite akihitaji kitu. Mama akalamba midomo.

"Nimesema hivi. Mwanangu si mwizi, si mlevi, wala hazini. Nimemlea mwenyewe, namjua. Anaomba vizuri kuliko baba yake. Ila baba yake alikuwa mzee wa kanisa maisha yake yote, na mimi nilikuwa mke wa mzee wa kanisa. Mnaiona ile picha?" Akainyooshea fimbo picha ya baba ukutani. "Ninyi ndio mna picha yake akitabasamu. Mimi kwangu alifika akiwa ameshatabasamu kwa watu wote, hana tabasamu lililobaki. Kwenye kitanda changu tulikuwa tunalala watatu, yeye, mimi na kanisa, na kanisa ndilo lililokuwa katikati."

Mzee wa sadaka akaangua kicheko, akakimeza.

"Cheka tu," mama akamwambia. "Mkeo atakuja kunieleza."

Mchungaji akasema kwa upole, "Lakini mama, mkewe tulimuuliza. Aliridhia."

"Mlimuuliza mbele yake, anamkodolea macho. Ulitaka aseme nini? Mimi niliulizwa hivyohivyo, nikajibu hivyohivyo. Yule binti anafundisha watoto mchana kutwa, anarudi ananiogesha mimi. Mimi si mama yake. Huyu mwanangu," akanielekeza fimbo, "alimwahidi Jumatano. Siku moja tu. Tangu mlisome jina lake, sijamwona Jumatano hata moja. Na bado hamjamwekea mikono! Mkishamwekea si tutamwona kwenye picha?"

Nilisimama. Nikasema nilikuwa hospitali, nilikuwa kwenye choo cha kanisa, nilikuwa na mchungaji mwenyewe, muulizeni. Sauti yangu ilikuwa juu. Nikasikia jinsi inavyotoka, na bado sikuweza kuishusha.

"Ulikwenda mahali pazuri," mama akasema. "Sikatai."

Wakanitoa nje wajadiliane. Hawakukawia. Mchungaji akanisomea uamuzi: baraza limemsikiliza mama kwa heshima, halikuona kosa la mwenendo, jina langu limerudishwa. Wazee wakanipa mikono mmoja mmoja. Nimeshinda.

Katibu alituendesha nyumbani. Mimi mbele, mama nyuma. Hakuna aliyetamka neno, vifuta kioo peke yake ndivyo vilivyokuwa na la kusema.

Jumatatu, 4 Novemba

Sijaongea na mama. Nimempelekea chai, nimeiweka, nimeondoka.

Jioni nilimweleza mke wangu yote. Nilitarajia asikitike pamoja nami, au aseme ni yeye aliyemtuma, nijue wa kumkasirikia. Aliinuka akaenda chumbani kwa mama, na mimi nyuma yake.

"Mama, nani alikutuma unisemee?"

"Hakuna."

"Mimi nina mdomo."

"Unao. Huutumii."

"Ni mdomo wangu! Nikitaka kuunyamazisha, ni wangu!" Miaka yote ya ndoa sijawahi kumsikia akimpandishia mama sauti. "Sasa baraza zima linajua mambo ya kitandani kwenu na jikoni kwangu. Kesho nitawafundisha watoto wao kwa uso gani?"

Akatoka akapita katikati yetu. Nikamfuata jikoni nikamuuliza, kwa hiyo yeye aliridhia kwa moyo au vipi?

"Ulinikazia macho," akasema.

"Nilikuwa nakutia moyo."

"Baba Mapacha, mimi macho yako nayajua."

Sasa nyumba ina watu watatu na hakuna anayesema na mwenzake. Hata paka amehamia kwa jirani.

Jumatano, 6 Novemba

Nimefunga bekari saa sita, nimekaa na mama. Si kwamba hasira zimeisha. Ni kwamba sitaki tena mtu apewe sababu ya kunielekezea fimbo.

Sikujua mchana wa mama una kazi nyingi hivi. Mto juu, mto chini. Kumpeleka chooni na kumrudisha, unampa bega huku unamshika kiuno, na ukimshika vibaya anapiga kelele. Dawa kabla ya kula, nyingine baada ya kula, nyingine asile kabisa. Redio. Zima redio. Dirisha. Chai imepoa. Nilipokaa chini aliomba mto.

"Unamkomoa nani?" nikamuuliza. Ndilo neno la kwanza nililomwambia tangu Jumapili.

"Hivi ndivyo kila siku. Muulize mwenzako."

Baadaye akasema, bila mimi kumuuliza, "Siku nilipokuzaa, baba yako alikuwa kwenye kikao cha kuchagua rangi ya mapazia ya kanisa. Walichagua zambarau. Mpaka leo siipendi zambarau."

Nikaona kicheko kinanijia. Nikakibana. Sikuwa tayari kumpa.

Jumamosi, 9 Novemba

Somo la kwanza na mchungaji, mimi na Fundi Bomba. Ametuonyesha tutakaposimama na tutakapopiga magoti. Wake zetu watasimama pembeni yetu, naye atawauliza mbele ya usharika wote kama wanaridhia. "Ni desturi tu," akasema. Fundi Bomba akasema kwake si desturi, mke wake amekwisha kumpa masharti. Nikamuuliza masharti gani. Akasema hayanihusu.

Jumatano, 13 Novemba

Ilikuwa mara moja tu. Nilishafunga bekari, funguo mkononi, mchungaji akapiga simu: yule mzee wa nyonga amerudishwa nyumbani, hali mbaya, ananiuliza kwa jina. Mtu anakufa anakuuliza kwa jina, utamwambia leo ni Jumatano?

Nilikwenda. Nilimshika mkono, nikamwombea, nikamwimbia kwa sauti ya chini wimbo alioutaka. Alifariki kabla ya jioni, macho yake yametulia. Watoto wake walinikumbatia. Najua nilichofanya leo kilikuwa chema, na hakuna atakayenibadilisha hapo.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa amelala kifudifudi sakafuni sebuleni, ameuma ncha ya kitenge kwa maumivu. Mama aliteleza bafuni. Hakuumia. Jirani walikuwa hawapo. Mke wangu alipokuja alimkuta chini, amelowa, anaona aibu kupiga kelele, akamwinua peke yake, na mgongo ukamkamata.

Nikaeleza. Nikasema kuhusu yule mzee, kuhusu mkono, kuhusu wimbo.

Nikangoja. Leo hakusema sawa.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua. Mke wangu amekwenda shule ameinama upande. Nimejitolea kumkanda mgongo kwa maji moto. Amesema mama ameshamkanda. Kumbe wameshapatana, na mimi sikuambiwa.

Jumapili, 17 Novemba

Wamenitangaza: Jumapili ijayo. Watu wamepiga makofi. Nilimtazama mke wangu, alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba, hakukipata mpaka makofi yalipoisha.

Ijumaa, 22 Novemba

Shati limefika, linanikaa vizuri. Nilimuuliza mke wangu atajibu nini Jumapili.

"Utasikia pamoja na wenzako."

"Mimi ni mume wako, si wenzangu."

"Basi nisaidie kukunja nguo."

Nikakunja. Nikamwambia kama hataki aseme sasa, nimwambie mchungaji kistaarabu, tusiaibishane. Akaweka shuka chini. "Ukiambiwa sasa utanibadilisha. Unajua kuongea. Kufika Jumapili nitakuwa nimeridhia tena." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonikera, maana kwa hasira ningejua la kujibu.

Jumapili, 24 Novemba

Hakukunyesha. Bati lilikuwa kimya, kila kitu kilisikika, hata viatu vya Fundi Bomba.

Tulisimama mbele, sisi wawili na wake zetu. Mama benchi la kwanza. Mchungaji alianza na Fundi Bomba. Mke wake akaulizwa kama anaridhia. "Naridhia," akasema, "na yeye anajua nilichoridhia." Watu wakacheka, Fundi Bomba akainamisha kichwa kama mtu aliyenyolewa.

Kisha ikawa zamu yetu.

"Mwalimu, unaridhia mumeo aitwe katika kazi hii?"

Nilihisi macho yangu yanataka kumwendea. Nikayashusha kwenye zulia. Namshukuru Mungu kwa hilo moja, niliyashusha. Lile zulia ni la zambarau.

Kimya kikawa kirefu. Mtoto mmoja akauliza mama yake kama tumemaliza.

"Hapana," mke wangu akasema. "Mchungaji, bado sijaridhia."

Hakuinua sauti. Mchungaji akafungua kitabu chake cha ibada, akafunua ukurasa wa mbele, akafunua wa nyuma. Hapakuwa na maneno ya kufuata jibu lile. Uso wangu uliwaka kana kwamba nimefungua tanuri nikainama. Nilitaka kusema kitu, na ni kweli najua kuongea, maneno yalikuja matatu manne, yote mazuri. Ningeweza kuwachekesha. Ningeweza kumwambia mchungaji aulize tena. Na angeulizwa mara ya pili, mke wangu angesema ndiyo. Nilijua. Na yeye alijua.

"Amejibu," nikasema. "Naomba tukakae."

Tukashuka hatua zile mbili, mimi na yeye, watu wote wakitutazama, tukakaa kwenye benchi la mama. Mama alitupisha. Hakuniangalia. Fundi Bomba akapiga magoti peke yake, wazee wakamzunguka wakaweka mikono juu ya upara wake, na ile suti hatimaye ikapasuka kwapani. Hakuna aliyecheka. Alikuwa analia. Nilitaka sana kuwa yeye.

Nilidhani nitaacha pengo. Nje, kabla sijafungua mwavuli nisiouhitaji, nilimsikia mama wa kwaya akimwambia katibu kwamba mshona viatu naye ni mtu wa sala, wamfikirie. Hata shati langu halijajikunja.

Mchungaji alinifuata getini. Akasema nafasi yangu si kwamba imefutwa, mwaka kesho wataniuliza tena. Nikamwambia, "Mwaka kesho anzeni kwa mke wangu, nikiwa sipo." Nilisema kwa uchungu. Yeye akalichukua kwa uzito, akaitikia kwa kichwa.

Njiani mama, katikati yetu, alisema miguu leo haimuumi. Nusura nimwache hapohapo.

Jumatatu, 25 Novemba

Wateja wengi kuliko kawaida. Nusu yao hawakununua mkate.

Jumatano, 27 Novemba

Bado inaniuma. Naandika hivyo kwa sababu jana mtu alinipongeza kwa unyenyekevu, na sina huo unyenyekevu. Nimemkasirikia mama, nimemkasirikia mchungaji na kitabu chake, nimemkasirikia hata mshona viatu ambaye hakufanya lolote. Nilikuwa nafaa. Bado nafaa.

Leo nimekaa na mama tangu saa saba. Mto juu, mto chini. Mke wangu amefika saa kumi na moja, mikono mitupu. Madaftari yote ameyamaliza shuleni. Alisimama mlangoni akiwa hajui mikono aiweke wapi. Nikamwekea chai. Mama akajifanya amelala, na hajui kujifanya.

Nikahesabu moyoni maneno ambayo mke wangu ameniambia msimu huu wote, na karibu yote yalikuwa neno moja tu, na mimi nimelifurahia. Nikamuuliza, "Kuna nini kingine ambacho sijakisikia?"

"Unauliza kweli au unauliza kama mzee wa kanisa?"

"Nauliza kweli."

Akavua viatu. Akavuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana, akanywa chai kidogo, akaiweka kando.

Akaanzia mwaka tuliooana.